Nani Aruhusiwe Kuunganisha? Historia ya Zana za Viungo

Usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, ndege za jeshi la Israel zilitua Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, zikiwa na makomando waliotumwa kuwakomboa abiria wa ndege ya Air France iliyotekwa nyara wiki moja kabla. Kabla ya kucha zilikuwa zimeshatia mafuta Nairobi na kushika njia ya kurudi. Askari wa Uganda, baadhi ya mateka na kamanda wa makomando walikuwa wamekufa, lakini mateka zaidi ya 100 walikuwa hai.

Dunia ilizungumzia ushupavu. Wataalamu wa jeshi la Marekani walivutiwa zaidi na maandalizi. Jengo la abiria la Entebbe lilikuwa limejengwa na kampuni ya Israel enzi za urafiki wa nchi hizo mbili, kwa hiyo michoro yake ilipatikana, na makomando wakafanya mazoezi kwenye mfano wa uwanja uliosimamishwa kwao. Swali likazuka: je, askari anaweza kuuzoea mji asiowahi kuukanyaga bila mtu kuujenga upya? Wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani ukatoa fedha kwa maabara moja ya chuo cha MIT ijaribu kujibu.

Jibu lilitengenezwa Aspen, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Colorado, kati ya mwaka 1978 na 1979. Kundi la Andrew Lippman lilifunga kamera juu ya paa la gari, likaburuta gurudumu nyuma yake, na kila gari lilipopita kama mita tatu, kamera zikapiga picha pande zote. Picha hizo ziliingizwa kwenye diski za leza, ambazo kila upande ulibeba fremu 54,000. Mtazamaji alikaa mbele ya kioo cha kugusa, akaamuru twende mbele, kata kushoto, simama hapa. Aligusa jengo akaliingia. Alibadili majira: barabara ile ile ya vuli ikajaa theluji. Miaka 28 kabla ya Google kuonyesha mitaa ya miji kwenye intaneti, mtu aliweza kutembea Aspen akiwa amekaa kitini Massachusetts.

Ilikuwa kazi ya ajabu, na ilikuwa na kasoro moja ambayo haikumsumbua mtu wakati ule. Mtazamaji alikuwa huru kutembea, lakini hakuwa na namna ya kuongeza hata kichochoro kimoja. Aliyetaka kutengeneza mji mwingine alihitaji gari, kamera za filamu, mitambo ya diski, wahandisi na pesa za jeshi. Historia ya midia yenye viungo, yaani maandishi, picha, sauti na video ambazo mtu anazipitia kwa kuchagua mwenyewe njia, ni historia ya kasoro hiyo. Kila kizazi cha zana kimelazimika kujibu nani aruhusiwe kuunganisha, na nani abaki kutazama.

Dawati ambalo halikujengwa

Wazo lenyewe lilitangulia kompyuta za kawaida. Julai 1945, vita kuu ikielekea ukingoni, jarida la The Atlantic Monthly lilichapisha makala ya Vannevar Bush, mhandisi aliyeongoza ofisi iliyosimamia utafiti wa kisayansi wa vita nchini Marekani. Bush alilalamika kwamba machapisho yamekuwa mengi kuliko uwezo wa mtu kuyasoma, na kwamba maktaba hupanga vitu kwa alfabeti na namba ilhali akili ya binadamu huruka kutoka jambo hadi jambo linalofanana nalo.

Akapendekeza dawati alilolipa jina memex. Ndani yake mngekuwa na maktaba nzima ya mikrofilamu. Juu yake, vioo vya kusomea. Msomaji angefungua kurasa mbili, abonyeze kitufe, na tangu hapo kurasa hizo zingeunganishwa daima. Bush alitoa mfano wa mtu anayechunguza kwa nini upinde mfupi wa Waturuki ulionekana kuushinda upinde mrefu wa Waingereza katika Vita vya Msalaba. Mtu huyo angekusanya vitabu na makala, aviunganishe kuwa njia moja, aongeze maoni yake, kisha ampe rafiki nakala ya njia hiyo yote. Katika dawati la Bush, msomaji ndiye mtengenezaji. Dawati halikujengwa, lakini makala ilisafiri mbali.

Ilifika hadi kisiwa cha Leyte, Ufilipino, ambako fundi kijana wa rada wa jeshi la majini, Douglas Engelbart, aliisoma katika maktaba ya Msalaba Mwekundu. Mbegu ile ilikaa naye. Desemba 9, 1968, mbele ya watu wapatao 1,000 waliokusanyika San Francisco, Engelbart alikaa na kompyuta kwa dakika 90 akaonyesha mambo ambayo wengi ukumbini hawakuwahi kuyaona: kipanya cha mbao, maandishi yanayosahihishwa kwenye kioo, viungo vinavyomrusha mtu kutoka hati moja hadi nyingine, na mazungumzo ya video na wenzake waliokuwa kwenye maabara Menlo Park. Mfumo wake ulikuwa na nguvu, lakini ulidai mafunzo marefu. Engelbart aliamini mtu anayetaka kazi kubwa atakubali kujifunza chombo kigumu. Wengi hawakukubali.

Jina la jambo lenyewe lilitoka kwa mtu wa tabia tofauti. Ted Nelson, aliyesoma falsafa kisha sosholojia, alikuwa ameanza mwaka 1960 kuota mfumo ambao baadaye aliuita Xanadu. Mwaka 1965 aliandika kwa mara ya kwanza juu ya haipateksti na haipamidia, yaani maandishi na midia yenye viungo. Aliyoyataka yalikuwa mengi: kila kiungo kionekane kutoka pande zote mbili, kisikatike kamwe, na kila nukuu ibaki imefungwa kwenye chanzo chake ili mwandishi wa kwanza alipwe hata senti. Miaka ilipita, wafadhili wakaja na kuondoka, Xanadu haikuwafikia watu. Nelson hata hivyo alishiriki mwaka 1967 katika mradi wa Andries van Dam wa Chuo Kikuu cha Brown, uliozaa moja ya programu za mwanzo kabisa za haipateksti. Programu hiyo ilitumika baadaye Houston kuandikia nyaraka za safari za mwezini za Apollo.

Kwa hiyo kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 wazo lilikuwa limekomaa na zana zilikuwepo, ila zote zilikaa ndani ya maabara. Ilibidi mtu azitoe nje.

Kadi, vitufe na ngazi tano

Bill Atkinson alijiunga na kampuni ya Apple mwaka 1978. Ndiye aliyeandika QuickDraw, msimbo uliochora kila kitu kwenye kioo cha kompyuta ya Macintosh, na MacPaint, programu iliyowafundisha watu kuchora kwa kipanya. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba usiku mmoja wa mwaka 1985, akiwa ametumia dawa ya LSD, alikaa kwenye benchi nje ya nyumba yake huko California akitazama anga. Taa za barabarani, kila moja ikiangaza duara lake na kuacha giza kati yake na nyingine, zikampa fikra: maarifa ya wanadamu yamekaa hivyo. Mwanamuziki ana duara lake, mwanafizikia lake, mshairi lake. Akaazimia kutengeneza chombo cha kuunganisha maduara hayo, tena chombo ambacho asiye mwandishi wa programu ataweza kukitumia.

Chombo hicho kilitangazwa Boston, Agosti 11, 1987, kwa jina la HyperCard. Atkinson alikuwa ameweka sharti: Apple ikiichukua kazi yake, iitoe bure pamoja na kila Macintosh mpya. Kampuni ilikubali. Sharti hilo ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko ufundi wowote uliokuwa ndani ya programu, kwa sababu ghafla zana ya kutunga midia yenye viungo ilikuwa nyumbani na shuleni kwa watu ambao hawakuiomba na hawakujua kuwa wanaihitaji.

Muundo wake ulieleweka kwa dakika chache. Kila kitu kilikuwa kadi yenye ukubwa wa kioo cha Macintosh, nyeusi na nyeupe. Kadi nyingi zilifanya rundo. Juu ya kadi uliweka maandishi, michoro na vitufe. Kitufe kilipobonyezwa kilimpeleka mtu kwenye kadi nyingine, kikacheza sauti, au kikafanya hesabu. Aliyetaka zaidi alifungua kitufe na kukiandikia maagizo kwa HyperTalk, lugha iliyoandikwa na Dan Winkler. Maagizo hayo yalisomeka kama sentensi za Kiingereza cha kawaida: uliiambia kompyuta nenda kwenye kadi inayofuata, nayo ikaenda.

Lakini kilichofanya HyperCard iwe jambo jipya kilikuwa kwenye orodha ndogo ya mipangilio. Mtumiaji alichagua mojawapo ya ngazi tano. Ya kwanza ilimruhusu kuvinjari tu. Ya pili, kuandika. Ya tatu, kuchora. Ya nne, kuongeza vitufe na viungo vyake. Ya tano, kuandika msimbo. Programu ya kusomea na ya kutungia ilikuwa moja. Mwalimu aliyepewa rundo la somo la baiolojia angeweza kulisoma Jumatatu, akasahihisha kosa la tahajia Jumanne, akaongeza mchoro wa moyo Jumatano, na kabla wiki haijaisha akafungua kitufe cha mwenzake kuona kilivyoandikwa, akakinakili. Hakukuwa na ukuta wa kuvuka. Kulikuwa na ngazi, na kila kipago kilionekana kutoka kile cha chini yake.

Matokeo yalianza kuonekana mapema. Amanda Goodenough alichora hadithi ya paka, Inigo Gets Out, ambamo mtoto alibonyeza picha ili kumpeleka paka nje ya nyumba. Haikuwa na maneno ya kusoma, na watoto wasiojua kusoma waliielewa. Mwaka 1989 kampuni ya Voyager ilitoa kazi ya Robert Winter, mwanamuziki wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kuhusu Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Diski ya muziki ilicheza ndani ya kompyuta huku rundo la HyperCard likieleza kila kipande kinachosikika. Msikilizaji alisimamisha okestra, akasoma, akarudia vipimo vinne, akaendelea. Mwalimu wa muziki alikuwa ameweka sikio lake kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua.

Kaka wawili, Rand na Robyn Miller, walianza na rundo la hadithi ya watoto, The Manhole, lililotoka mwaka 1988. Miaka mitano baadaye wakatoa Myst. Mchezo ule wa kisiwa kisicho na watu, chenye mitambo ya ajabu na vitabu vinavyofungua dunia nyingine, ulikuwa na picha zipatazo 2,500 zilizochorwa kwa kompyuta na kushonwa pamoja kwa HyperCard. Kila hatua ya mchezaji ilikuwa kadi, kila mlango kitufe. HyperCard haikujua hata rangi. Ilibidi kaka hao waiongezee. Myst iliuzwa zaidi ya nakala milioni sita na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mchezo wa kompyuta uliouzwa kuliko yote, hadi ulipopitwa na The Sims mwaka 2002. Wale waliosema HyperCard ni kichezeo cha watu wasiojua programu walipaswa kunyamaza.

Geneva yachukua njia nyingine

Wakati Wamarekani wakirundika kadi, Mwingereza mmoja pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alikuwa na tatizo la kiofisi. Maelfu ya wanasayansi walikuja, wakafanya kazi, wakaondoka na maarifa yao. Kila kompyuta ilikuwa na mfumo wake. Tim Berners-Lee alikuwa ameshajaribu mwaka 1980 kuandika programu ndogo ya kuunganisha taarifa za kituo. Machi 1989 akampelekea mkuu wake, Mike Sendall, pendekezo kubwa zaidi. Sendall aliandika juu yake kwamba halieleweki vizuri ila linasisimua, na baadaye akamruhusu anunue kompyuta ya NeXT ya kujaribia.

Mwisho wa mwaka 1990 mfumo huo, yaani wavuti, ulikuwa unafanya kazi. Kivinjari cha kwanza, kilichoandikwa juu ya NeXT hiyo, kilikuwa pia mhariri: mtu alisoma ukurasa, akachagua neno, akaliunganisha na ukurasa mwingine papo hapo. Berners-Lee alikuwa na ndoto ile ile ya Bush.

Hata hivyo alifanya uamuzi uliowaudhi wajuzi wa haipateksti. Kiungo chake kilikwenda upande mmoja tu, na ukurasa ulioelekezewa ukifutwa, kiungo kilibaki kikielekeza hewani. Nelson hakuusamehe upungufu huo. Lakini ndani ya upungufu kulikuwa na hesabu. Kiungo cha pande mbili kinadai daftari kuu la viungo vyote, na daftari kuu linadai mwenye daftari. Kiungo cha upande mmoja ni sawa na kumtaja jirani barazani: humwombi ruhusa, na ukikosea ni juu yako. Mfumo usio na daftari kuu ungeweza kukua bila kumsubiri mtu. Desemba 1991, kwenye mkutano wa watafiti wa haipateksti uliofanyika San Antonio, Texas, makala ya Berners-Lee na Robert Cailliau ilikataliwa; waliruhusiwa kuonyesha tu. Miaka michache baadaye, karibu kila onyesho katika mikutano ya aina hiyo lilihusu wavuti.

Kilichoamua ushindi kilikuwa karatasi ya kisheria. Mwanzoni mwa mwaka 1993 Chuo Kikuu cha Minnesota, mmiliki wa Gopher, mfumo uliokuwa ukipendwa wakati huo wa kupitia taarifa za intaneti, kilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa seva zake watatozwa ada. Watu wakaingiwa na hofu. Aprili 30 mwaka huo huo, CERN ilitangaza kwamba teknolojia ya wavuti ni mali ya umma: yeyote aitumie, aibadilishe, asilipe. Waliokuwa wakisitasita wakahamia upande mmoja.

Ila kuna kilichopotea njiani. Kivinjari cha NeXT kilikuwa cha kompyuta chache mno, kwa hiyo CERN ikatoa kivinjari chepesi cha kuendeshwa kwenye mashine zote, na hicho kilisoma tu. Mosaic, kilichotoka Illinois mwaka 1993 kikiwa na picha zilizokaa pamoja na maandishi, nacho kilisoma tu, na ndicho kilichoenea duniani. Kusoma na kutunga vikatengana. Ngazi tano za Atkinson zikabaki moja.

Watu waliziba pengo kwa ujanja. Kila kivinjari kiliruhusu mtu kutazama msimbo wa ukurasa, na kizazi kizima kilijifunza HTML, lugha ya kurasa hizo, kwa kunakili kurasa za wenzao usiku. Fikra za HyperCard nazo ziliingia kwa mlango wa nyuma. Brendan Eich, aliyeunda lugha ya programu ya JavaScript mwaka 1995, amesema HyperTalk ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomwathiri. Ward Cunningham, aliyeanzisha mwaka huo huo tovuti ya kwanza ambayo msomaji yeyote angeweza kuihariri, alikuwa amejaribu wazo hilo kwanza kwa rundo la HyperCard. Kutoka kwake ndiko kulikotoka mfumo ambao Wikipedia imejengwa juu yake, ikiwemo ile ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003.

Mtegemea cha nduguye

HyperCard yenyewe ilikuwa inakufa polepole. Mwaka 1990 ilihamishiwa Claris, kampuni tanzu ya Apple, na toleo kamili likaanza kuuzwa. Wanunuzi wa Macintosh mpya wakapewa toleo la kusomea, lililofungwa ngazi za juu. Sharti la Atkinson likawa limevunjwa kwa njia ya heshima. Yeye mwenyewe aliondoka Apple mwaka huo. Mwaka 1996 Apple ilionyesha toleo la tatu ambalo lingeingia kwenye mtandao. Halikutoka. Machi 2004 mauzo yalisimamishwa kabisa.

Atkinson, aliyefariki Juni 2025, alisema miaka baadaye kwamba kosa lake lilikuwa kufikiria kwa kipimo cha kompyuta moja. Viungo vyake viliishia kwenye ukuta wa boksi alilokaa nalo mtumiaji. Kama angewaza kuunganisha boksi na boksi, HyperCard ingeweza kuwa kivinjari cha kwanza. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Hata HyperCard yenye mtandao ingebaki mali ya kampuni moja, juu ya aina moja ya kompyuta. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na watunzi wa marundo waligundua hivyo kompyuta mpya zilipokataa kuyafungua.

Hawakuwa peke yao. Chuo Kikuu cha Brown kilikuwa kimejenga Intermedia, mfumo ambao wasomi wengi wa fani hii wanauona kuwa bora kuliko yote ya miaka ya 1980: viungo vilihifadhiwa nje ya hati, kwa hiyo darasa moja liliweza kuwa na viungo vyake juu ya matini zile zile ambazo darasa jingine liliziunganisha tofauti. Apple ilipobadili mfumo endeshi uliobeba Intermedia, fedha za kuiandika upya hazikupatikana, na kufikia mwaka 1991 mradi ulikuwa umekwisha.

Somo hilo halikushikwa. Mwaka 1996 Jonathan Gay na wenzake walitoa programu ndogo ya kuchora katuni zinazotembea, ambayo kampuni ya Macromedia iliinunua na kuiita Flash. Kwa kuwa ilihifadhi michoro kama hesabu za mistari, mafaili yake yalikuwa madogo, yakapita hata kwenye simu za waya za polepole. Flash ilirudisha sehemu ya furaha ya HyperCard: kijana mmoja chumbani alichora, akaunganisha vitufe, akaongeza sauti, akarusha mchezo ukachezwa na dunia. YouTube ilipoanza mwaka 2005, video zake zilicheza kwa Flash. Mwaka huo huo kampuni ya Adobe ikainunua Macromedia.

Kisha ikaja simu ya iPhone ya Apple, iliyoikataa Flash tangu siku ya kwanza. Aprili 2010 Steve Jobs, mkuu wa Apple, alichapisha barua akieleza sababu: usalama, betri, na kutotaka kutegemea zana ya kampuni nyingine. Adobe iliacha kuitunza Flash Desemba 31, 2020, na siku chache baadaye programu yake ikaanza kukataa yenyewe kuonyesha kazi zilizotengenezwa kwayo. Miaka zaidi ya 20 ya michezo, katuni na masomo ikazimika kwa uamuzi wa ofisi moja.

Walioziokoa kazi hizo ni wakusanyaji. Shirika la Internet Archive liliweka marundo ya HyperCard mwaka 2017 ndani ya programu inayoigiza Macintosh ya zamani, na Novemba 2020 likafanya hivyo kwa kazi za Flash. Zinatazamika tena. Kuziendeleza ni habari nyingine.

Wenye ramani na wenye maneno

Kiswahili kiliingia mapema katika habari hizi. Mwaka 1994, wavuti ikiwa bado changa, Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale mradi wa Kamusi, kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyoishi kwenye intaneti na kupokea michango ya watumiaji. Ilitumia vizuri kile ambacho kitabu hakiwezi: kukua bila kuchapwa upya.

Mfano mkubwa zaidi ulizaliwa Kenya, kwa uchungu. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwanasheria na mwandishi Ory Okolloh aliomba wataalamu watengeneze ramani ambayo wananchi wangeiwekea taarifa za yanayotokea kwao. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioitika. Januari 2008 Ushahidi ilikuwa hewani. Mtu aliye na simu ya kawaida alituma ujumbe mfupi. Ujumbe ukawa nukta kwenye ramani. Nukta ikibonyezwa, ilifungua maelezo ya tukio.

Waanzilishi waliamua msimbo wake uwe huru kwa yeyote. Ndiyo sababu tetemeko lilipoiangamiza Port-au-Prince Januari 12, 2010, wanafunzi na wahisani waliokuwa Boston waliweza kusimamisha ramani ya Haiti kwa zana iliyozaliwa Kenya, na taarifa za waliokwama zikaanza kuingia. Hakuna aliyehitaji kuandika barua ya kuomba kibali.

Hapo ndipo ukoo huu mrefu wa zana unapoonyesha kanuni yake. Zana ikiwa rahisi lakini ina mwenyewe, kazi za watu huzikwa naye. Zana ikiwa huru lakini ngumu, wachache hutunga na wengine hutazama. Simu za leo zimejaa programu ambazo ni rahisi na zina wenyewe: mtu anaweza kuweka video, lakini hawezi kuamua kiungo chake kielekee wapi, na akaunti ikifungwa kazi yake huondoka nayo. Kwa kipimo cha Bush, mtumiaji huyo bado hajakaa kwenye dawati.

Wapo wanaojaribu kuunganisha fadhila zote mbili. Twine, zana ya bure iliyotolewa na Chris Klimas mwaka 2009, humwezesha mtu asiyejua programu kutunga hadithi yenye njia nyingi kwa kuburuta visanduku na kuvifunga kwa mistari, kisha humpa faili moja la HTML, ambalo ni mali yake. Faili hilo halitegemei uhai wa kampuni yoyote. Mwaka 2013 CERN iliurudisha ukurasa wa kwanza wa wavuti kwenye anwani yake ya awali, na vivinjari vya leo vinaufungua bila kuigiza mashine yoyote ya zamani. Mwalimu anayefikiria kuwatungia wanafunzi wake somo lenye viungo ana sababu ya kutosha ya kuchagua chombo kwa swali hili moja: nikiamua kuondoka, ninaondoka na kazi yangu?